Seli Inayojua Kungoja

Hotuba hii niliitoa mbele ya wazazi, walimu, wanafunzi na wahudumu wa afya ya jamii katika ukumbi mmoja wa kanisa hapa Kisumu. Mvua ya siku ile iliwazuia wengi, nao wakaomba niiandike. Nimeiacha kama nilivyoisema.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazazi wangu, walimu wenzangu, wahudumu wa afya mnaotembea nyumba hadi nyumba, na nyinyi wanafunzi mlioketi sakafuni kwa sababu viti vimetuishia, hamjambo?

Naanza na nyanya yangu. Aliishi Vihiga, na alikuwa mpishi wa busaa. Simtaji ili kusifu ulevi. Nyumbani kwake busaa ilikuwa ya matanga, ya kulima kwa ushirika, ya kupokea wakwe. Nilimtazama akikaanga unga wa mahindi uliochacha juu ya bati, moshi ukimtoa machozi, kisha akauchanganya na maji na kimea cha wimbi ndani ya mtungi. Siku ya pili akaniita: "Mjukuu wangu, njoo usikilize." Nikatega sikio kwenye mdomo wa mtungi. Mlikuwa mkichemka bila moto. Nikamuuliza nani anachemsha. Akasema, "Humo ndani kuna walio hai."

Nyanya hakusoma, lakini alisema kweli. Humo ndani mlikuwa na hamira, seli kwa mamilioni, kila moja ikila, ikikua, ikigawanyika.

Sasa sikilizeni jambo ambalo lilinifanya nifunge kitabu na kutoka nje nilipolisoma mara ya kwanza chuoni. Mwaka wa 1893 mtaalamu Mjerumani, Paul Lindner, aliandika habari za hamira aliyoikuta katika pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki. Haikufanana na hamira ya mandazi. Hamira ya mandazi huchipua: kijiseli hutokeza ubavuni mwa mama, kikakua, kikaachana naye. Hii yetu haichipui. Ina umbo la kipande cha muwa, hurefuka hadi ifike kipimo chake, kisha hujikata katikati, zikawa mbili zilizo sawa. Akaipa jina la kisayansi, na nusu ya jina hilo ni neno letu: Schizosaccharomyces pombe. Pombe! Leo hii kuna watafiti London na New York ambao hawajui hata kuitikia "shikamoo", lakini neno hilo wanalitamka kila siku ya kazi.

Na hamira hiyo ndiyo iliyotuonyesha ufunguo wa kugawanyika kwa seli. Nasema seli zote zenye kiini: za mahindi, za ng'ombe, za mbuta wa ziwani, zako na zangu.

Paul Nurse, Mwingereza, alikuwa Edinburgh miaka ya 1970 akiichungulia hamira hiyo kwa darubini. Seli ya kawaida hufika karibu mikroni 14, yaani sehemu 14 za elfu za milimita, ndipo igawanyike. Yeye akaona nyingine fupi mno, zinagawanyika kabla ya kufika huko. Mwingine angezitupa, aseme hizi ni dhaifu. Nurse akajiuliza swali ambalo nawaomba wanafunzi mlishike: je, ni fupi kwa sababu hazikui, au ni fupi kwa sababu hazingoji? Zilikuwa zinakua vizuri kabisa. Zilikuwa na haraka. Jeni moja, yaani agizo moja la urithi, ilikuwa imeharibika, na kazi ya jeni hiyo ilikuwa kuiambia seli: ngoja, bado. Akaiita wee, neno la Waskoti lenye maana ya kitu kidogo.

Breki hiyo inazuia nini? Inazuia kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za seli, kinachoitwa CDK. Hicho ndicho kinachoisukuma seli kutoka hatua hadi hatua, na kimo ndani ya seli wakati wote, lakini hakifanyi kazi mpaka kishikwe na protini nyingine iitwayo saiklini. Saiklini iligunduliwa na Tim Hunt mwaka wa 1982 huko Woods Hole, Marekani, katika mayai ya kiumbe wa baharini mwenye miiba pande zote. Aliona protini inaongezeka, inaongezeka, kisha yai linapogawanyika inatoweka ghafla, halafu inaanza kuongezeka upya. Naye Leland Hartwell, Mmarekani, aliyetumia hamira ya mkate, alikuwa amekwisha kutambua jeni nyingi zinazosimamia mzunguko wa seli wa kukua na kugawanyika, na ndiye aliyetupa wazo la vituo vya ukaguzi, mahali seli inaposimama kujikagua. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka wa 2001.

Lakini jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la mwaka wa 1987. Nurse na mwenzake Melanie Lee walichukua hamira ya pombe ambayo jeni yake ya CDK ilikuwa imeharibika. Haikuweza kugawanyika. Wakaitia vipande vya DNA (uzi unaobeba jeni) ya binadamu, wakasubiri. Nyingi zilishindwa. Chache zikagawanyika! Walipochunguza wakakuta zimepata jeni ya mtu inayofanya kazi ileile. Ukoo wa hamira na ukoo wetu ulitengana zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita, na bado ufunguo wa mwanadamu unafungua kufuli lililokuwa ndani ya mtungi wa nyanya yangu.

Mnanielewa kwa nini nilitoka nje?

Hatua zenyewe nazipitia haraka, mtazikuta vitabuni. Seli hukua, hunakili DNA yake, hujikagua, hugawanyika. Kwa seli za binadamu zinazokuzwa maabara, mzunguko huchukua kama saa 24. Kunakili DNA huchukua karibu saa 8. Kugawanyika kwenyewe huchukua saa 1 hivi. Saa zilizobaki ni za kukua, kujiandaa na kungoja. Na si seli zote zilizomo katika mzunguko. Neva nyingi za ubongo wako zilitoka humo zamani, hazirudi. Ngozi ya ndani ya utumbo hubadilishwa kila baada ya siku chache.

Nataka kukaa hapa kwenye kunakili, maana hapa ndipo seli inaponishangaza zaidi.

Kila seli yako yenye kiini ina DNA ya urefu wa karibu mita 2 na herufi karibu bilioni 6. Mashine inayonakili husoma kama herufi 50 kwa sekunde. Wanafunzi, tumieni kikokotoo. DNA hiyo imegawanywa katika nyuzi ziitwazo kromosomu; ya kwanza ina herufi karibu milioni 250. Mashine moja ikianza ncha hii imalize ncha ile, itachukua muda gani? Karibu siku 58! Na kazi hufanyika kwa saa 8. Vipi? Mliokulia Mumias au Muhoroni mnajua jibu. Shamba kubwa la miwa halivunwi na mtu mmoja anayeanzia ukingoni. Watu huingia kila upande na panga zao, na vipande walivyovuna hukutana. Seli huanza kunakili mahali makumi ya maelfu kwa zamu, na nakala hukutana.

Hapo ndipo tatizo linapozaliwa. Ukiwa na mianzo makumi ya maelfu, nani atahakikisha kila kipande kimenakiliwa mara moja, wala si mara mbili? Kikirukwa, mtoto wa seli atapungukiwa. Kikirudiwa, jeni zitazidi, na DNA inaweza kukatika. Mara moja. Mara moja tu.

Nilipohamia Kisumu nilichelewa kuhamisha usajili wangu wa kupiga kura. Nilikwenda wakati daftari limekwisha fungwa. Karani alinitazama kwa huruma akasema, "Mwalimu, daftari limefungwa. Huwezi kuandikishwa tena mpaka uchaguzi upite." Nikarudi nyumbani nimekasirika. Njiani, kwenye boda, nikacheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa biolojia na karani. Fikirini: kwa nini hatuandikishi wapiga kura siku ileile ya kupiga kura? Kwa sababu mtu angepiga kura, akatoka, akajiandikisha tena, akapiga tena. Kuandikisha kuna msimu wake, kupiga kura kuna siku yake, na viwili hivyo havikutani.

Seli hufanya hivyohivyo. Wakati CDK iko chini, mwishoni mwa mgawanyiko na mwanzo wa kukua, ndipo usajili uko wazi. Protini fulani hukaa kwenye kila mwanzo wa DNA na kuuvisha pete mbili zinazoitwa MCM. Pete hizo ndizo kadi ya mpiga kura. Mwanzo usio na pete hauwezi kuanza kunakiliwa. Kisha CDK inapanda. Inapopanda hufanya mambo mawili kwa pamoja: inaziamsha pete zilizokwisha vishwa zianze kazi, na inafunga usajili. Kwa seli zetu kuna mlinzi wa ziada, protini iitwayo jeminini, ambayo humshika mwandikishaji mkono asivishe pete nyingine. Na pete ikishaanza kazi huondoka pale mwanzoni, ikasafiri na mashine. Mwanzo ule hubaki mtupu. Hauna kadi. Utangoja mpaka seli igawanyike, saiklini ziharibiwe, CDK ishuke, daftari lifunguliwe upya.

Mnaona uzuri wake? Kitu kilekile kinachosema "anza" ndicho kinachosema "hakuna kujiandikisha tena". Hakuna dakika ambayo yote mawili yanaruhusiwa. Nimefundisha miaka mingi na sijaona sheria iliyotungwa kwa ustadi kuliko hiyo.

Na nakala zenyewe? Walimu wenzangu mliosahihisha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mnajua karatasi haipiti mkono mmoja. Mashine ya kunakili hukosea kama herufi 1 katika 100,000. Hujirudia yenyewe palepale, ikafuta, ikaandika upya. Kisha wakaguzi wengine hupita nyuma yake. Mwishowe linabaki kosa kama 1 katika herufi bilioni 1.

Na DNA ikikatika? Hapo huamka mlinzi mmoja maarufu, protini iitwayo p53. Husimamisha mzunguko ili jeraha litengenezwe, na jeraha likizidi huiamuru seli ijiue, mwili usalimike. Karibu nusu ya saratani za binadamu zina p53 iliyoharibika. Sisi tuna jeni moja ya p53, nakala ya baba na nakala ya mama. Ndovu wetu wa Amboseli na Mara? Mwaka wa 2015 watafiti walitangaza kwamba ndovu ana jeni 20 za aina hiyo. Mnyama mwenye seli nyingi hivyo, anayeishi miaka 60 na zaidi, angetarajiwa kufa kwa saratani kila mahali. Wanaokufa nayo ni wachache.

Mlinzi mwingine ni protini iitwayo Rb. Huyu hukaa kwenye lango la kuingia mzungukoni, akizishika protini zinazotaka kuwasha jeni za kunakili DNA. Mtoto mchanga akipoteza nakala zote mbili za jeni ya Rb ndani ya seli moja ya jicho, uvimbe huota humo. Wazazi, mkimpiga mtoto picha kwa simu yenye mwanga na mboni ya jicho moja ing'ae nyeupe, msingoje. Mpelekeni hospitali wiki hiyohiyo. Na virusi vya HPV vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi vinafanya nini? Vina protini moja inayomsukuma Rb pembeni, na nyingine inayomharibu p53. Walinzi wote wawili kwa mpigo. Chanjo yake ilianza kutolewa katika mpango wa chanjo wa Kenya mwezi wa Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10. Mama mwenye binti wa umri huo, nakusihi.

Sasa tufike kwenye kugawanyika kwenyewe. Nitawapa kisa cha basi.

Niliwapeleka wanafunzi 43 Msitu wa Kakamega. Jioni nikahesabu: 42. Nikahesabu tena: 42. Dereva akapiga honi. "Mwalimu, jua linatua, twende, huyo atapanda matatu." Nikasimama mlangoni. Wale 42 walikuwa ndani, wameketi, wamechoka, wananinung'unikia. Haikujalisha. Mmoja hayupo. Baada ya dakika 40 akatokea mbio na daftari mkononi. Alikuwa amelisahau chini ya mti akalirudia. Akapanda. Nikagonga ubavu wa basi, tukaondoka.

Ndani ya seli zako kuna kromosomu 46, na baada ya kunakiliwa kila moja ina pacha wake, wamefungwa pamoja kwa pete za protini. Kutoka pande mbili za seli hutoka kamba nyembamba, zikitafuta kuwashika hao mapacha, mmoja upande huu, mwenzake upande ule. Kromosomu ambayo bado haijashikwa hutoa ishara: ngoja. Ishara ya kromosomu moja yatosha kuisimamisha seli nzima. Arobaini na tano ziko tayari, moja bado, na seli inasimama. Ya mwisho ikishikwa, ishara inanyamaza. Ndipo kimeng'enya kilichokuwa kimefungwa kinafunguliwa, kinakata pete zote, na mapacha wanavutwa kila mmoja kwake.

Nimekuja leo kwa sababu ya mpwa wangu. Mama yake, dada yangu, ameniruhusu niseme.

Alikuwa na miaka 6. Shavu la kushoto lilivimba na jino likalegea. Dada alimpeleka kliniki, wakang'oa jino. Wiki iliyofuata likalegea la pili, wakang'oa. Uvimbe ukapanda hadi jicho likaanza kufunga. Aliponipigia simu niliambiwa ni jino. Nilipomwona mtoto nikajua si jino, nikanyamaza kwenye kochi la dada yangu kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kulitaja.

Huo ni uvimbe wa Burkitt, saratani ya seli nyeupe za damu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, aliueleza mwaka wa 1958 akiwa Uganda. Mwaka wa 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr wakakuta virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Hupatikana zaidi penye malaria nyingi, na sisi wa ukanda huu wa ziwa tumo. Ndani ya seli hizo za damu, kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni iitwayo MYC kimekatika na kuhamia kwingine, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14, jirani na jeni za kutengeneza kingamwili. Jeni hizo katika seli za aina hiyo huwaka mchana na usiku. MYC kazi yake ni kuisukuma seli iingie mzungukoni; kwa kawaida huwaka kidogo, ikazimwa. Ikihamia kwa jirani asiyelala, haizimwi tena. Seli haisikii "ngoja". Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana dada alikuwa akiona shavu la jana si la leo.

Na dawa? Mojawapo inaitwa vinkristini, na asili yake ni ua. Wengi mnalo uani: ua dogo la rangi ya waridi lenye petali tano, lililotoka Madagaska. Jamani, msilichemshe mkanywa, ni sumu. Dawa hutengenezwa kiwandani na kupimwa kwa miligramu. Vinkristini huzuia zile kamba zisijengeke. Seli ya saratani imefika wakati wa kugawanyika, kromosomu ziko tayari, kamba hazipo. Kila kromosomu inatoa ishara: ngoja. Seli iliyokuwa imesahau kungoja inalazimishwa kungoja, inangoja mpaka inakufa.

Siku ya saba ya matibabu dada alinipigia. Alikuwa analia na sikuelewa mwanzoni. "Kaka, shavu limerudi. Ameniomba chapati." Leo mpwa wangu yuko sekondari, ni kipa wa timu ya shule.

Katika kitanda cha pili alikuwepo mtoto wa umri wake. Walizungushwa kwa miezi miwili kabla ya kufika pale. Yeye hakurudi nyumbani. Mama yake alimwachia dada yangu kijiko na kikombe cha mtoto wake, akasema, "Mtumie huyu wako."

Wahudumu wa afya, mnaingia nyumba ambazo daktari hataingia. Mkikuta mtoto ana taya lililovimba na meno yanalegea bila kuoza, au tumbo linavimba kwa kasi, msimwache ang'olewe jino la pili. Aende hospitali kubwa, kipande cha uvimbe kikatwe, kipimwe. Wiki moja ni ndefu mno kwa seli hizo. Mnajua sasa kwa nini.

Nimemaliza yangu. Pale mezani karibu na dirisha kuna darubini mbili. Wanafunzi wa kidato cha tatu wamekata ncha za mizizi ya vitunguu, wakazipaka rangi nyekundu na kuzibana kwenye kioo. Pangeni foleni, watoto mbele. Seli nyingi mtaziona zimetulia, kiini ni duara tu. Tafuteni polepole. Mtapata moja ambayo kromosomu zake zimejipanga katikati kama wanafunzi gwaride la asubuhi, na pembeni ukitazama sana utaona imebaki moja, haijafika mstarini.